Pembe ya Kushoto

Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka kunidanganya kwa maandishi ana nafasi. Kwa ng'ombe wangu, hapana.

Mume wangu alipokufa, ndugu zake waliswaga mifugo yote kabla matanga hayajaisha. Anayejua boma letu hapa Dongobesh anajua ninayemsema: shemeji yangu mkubwa, yule wa Nangwa, ndiye aliyetangulia na fimbo. Alinusurika mtamba mmoja tu, kwa kuwa siku ile alikuwa malishoni na mifugo ya jirani. Huyo alikuwa wangu. Nilimpata kwa maharage niliyolima kwa mikono yangu, na mzee mmoja wa kanisa alikuwa shahidi. Lakini shemeji hakutaka kusikia habari ya maharage. Kwake, kila chenye kwato kilikuwa cha kaka yake.

Kwetu mtu humweka ng'ombe wake kwa mwenzake. Mwenzako anakunywa maziwa na kupata samadi, wewe unabaki na ng'ombe wako, na hakuna anayetangaza. Ukipita kwenye boma la mtu huulizi huyu wa nani. Ni aibu. Basi nikampeleka Maretadu, kwa mama mmoja tuliyepata naye kipaimara. Tulitoka alfajiri, mimi mbele nimeshika kamba, nyuma anaswaga wifi yangu, mdogo wa marehemu. Njia nzima alikuwa na simu mkononi. Nilimwamini. Si ndiye aliyeninyoa siku ya msiba?

Wiki ileile mama wa Maretadu akaja kwangu kwa miguu: ng'ombe amepigana zizini, pembe ya kushoto imevunjika. Ndiyo desturi, anayekutunzia lazima akuletee habari, hata ya kupe, na akuletee wewe peke yako. Tukanywa chai, yakaishia hapo.

Mwaka uliofuata, ukurasa mmoja wa mtandaoni wa habari za Dongobesh ukatoa picha. Ng'ombe wangu! Chini yake: "Mjane anayelia njaa kanisani ameficha mali Maretadu. Nimemwona huyu jana kwa macho yangu." Aliyeandika hakuwa na jina, alikuwa na picha ya ua jekundu. Jirani alinisomea huku akitazama pembeni. Shemeji akisoma tu, ng'ombe amekwenda.

Na akasoma. Akaitisha kikao cha ukoo Jumapili baada ya ibada.

Nikamwomba jirani ile simu niitazame mwenyewe. Nikatazama, nikapiga kelele mpaka kuku wakaruka. Pembe mbili, na kamba ile ya safari shingoni! Jana gani hiyo? Ng'ombe wa pembe mbili ni yule wa njiani, kabla hajazoea zizi la Maretadu. Na njiani tulikuwa wawili, mmoja hana simu, ndiye mimi.

Kikaoni niliwapa wazee shikamoo zao, nikakaa.

"Shemeji, picha hii hapa," akaanza yule wa Nangwa. "Unabisha?"

"Sibishi. Aliyeandika alimwona jana yake?"

"Si ameandika mwenyewe!"

"Basi subirini."

Mama wa Maretadu, niliyekuwa nimemwita, akaingia na ng'ombe. Watu wakaangalia simu, wakaangalia ng'ombe.

"Huyu mbona ana pembe moja?" akasema mzee mmoja. "Basi siye. Twendeni tukale."

Wakacheka. Ningenyamaza, ningerudi zangu na siri yangu. Lakini nilimtaka mwenye ua jekundu.

"Ndiye," nikasema. "Alivunjika pembe wiki aliyofika. Picha imepigwa njiani. Wifi, wewe ulikuwa nyuma yangu."

"Mimi? Simu ngapi zinapiga picha!"

"Nyingi. Njia ile tulipita na yako."

Shemeji, kwa hasira ya kutolewa Nangwa kwa picha ya zamani, akampokonya simu. Ua jekundu hilo hapo! Watu wakalipuka. Wifi akalia kwamba alitaka tu ukurasa wake upate wafuasi. Wafuasi! Kwa ng'ombe wangu!

Shemeji hakuishia hapo. Akaendelea kufungua, akaanza kusoma kwa sauti ujumbe ambao wifi alimwandikia muuguzi, mambo ya kutopata mtoto. Watu walikuwa bado wanacheka.

"Funga simu, shemeji. Nimekuja kwa ajili ya ng'ombe."

"Si ndiye aliyekuchoma?"

"Ndiye, na nitamsema mpaka nife. Hayo ya tumbo lake hayakuhusu wewe wala mimi."

Akaifunga. Mzee wa kanisa akasimama, akayaeleza maharage yangu tangu kupalilia, na wazee wakakata: ng'ombe ni wa mjane. Shemeji akarudi Nangwa mikono mitupu.

Ndipo mama wa Maretadu akanikabidhi kamba. "Mchukue, mwenzangu. Ng'ombe anayejulikana na kila simu siwezi kumtunza. Kesho wataniuliza na wale wengine zizini ni wa nani."

Sikumlaumu. Nikamwongoza ng'ombe wangu mchana kweupe, katikati ya Dongobesh, mbele ya maduka, kifua mbele. Watu wakatoa simu zao.

"Pigeni!" nikawaambia. "Pigeni upande huu wa kushoto, pembe ionekane. Na kila mmoja aandike jina lake."