Moto wa Maganda ya Marikiti

Mwaka nilioachika nilirudi kwa mama, Mji wa Kale, na kutulia kukanishinda. Nilifagia ua nikaufagia tena. Nilipanda darini kuanua nguo ambazo hazijakauka. Mama alikuwa akikaanga mahamri ya kuuza tangu mimi mdogo. Alinitazama kutoka kwenye seredani yake ya makaa, akakohoa, akasema, "Mwanangu, utatoboa sakafu kwa nyayo."

Kikohozi hicho ndicho kilichonihangaisha zaidi. Makaa yalikuja hayajaiva sawasawa, na moshi wake ulikuwa umemkaa kifuani.

Siku moja nilikwenda Likoni kumtazama shangazi. Jirani yake, mwanamke mfuga ng'ombe, alikuwa akichemsha maziwa kwa moto wa buluu usio na moshi hata chembe.

"Ni mavi ya ng'ombe hayo," akanicheka nilipokodoa macho. "Nayafungia tangini yasipate hewa. Yakioza yanatoa gesi. Hata maganda ya jikoni yafaa."

Kwenye feri ya kurudi sikuketi. Nilisimama njia nzima nikiwaza mapipa.

Nilipata pipa kubwa la plastiki, na fundi wa bomba akalitoboa, akaunga mpira wa kupeleka gesi kwenye tyubu ya lori, na mwingine, wenye koki, wa kutoka tyubuni hadi jikoni. Yule mwanamke wa Likoni alinipa samadi. Hamali mmoja wa soko la Marikiti akawa ananiletea kwa mkokoteni maembe yaliyooza na maganda ya mananasi. Nilikatakata, nikachanganya na maji, nikaziba, nikangoja.

Kungoja hakukuwa kazi yangu. Nikiosha vyombo, naacha sufuria na povu lake, naenda kuibonyeza tyubu. Bapa. Nikitoka kusali, naibonyeza. Bapa. Hatimaye ikavimba kidogo, nikawasha kiberiti mbio mbio. Ulitoka upepo wa yai viza, ukazima njiti.

"Jamani, huko kumekufa nini?" jirani akapiga kelele dirishani.

Mama alifunga mlango wa uani.

Nilivuka tena Likoni. "Umelilisha nini?" mfugaji akaniuliza.

"Mananasi, zaidi."

"Basi limechachuka. Liache lipumzike. Tia samadi nyingine na jivu kidogo, na usilisumbue."

Hilo la kutolisumbua lilinitesa kuliko harufu. Nilizunguka vichochoro mpaka wauza kahawa wakaacha kuniamkia. Kisha asubuhi moja nikafungua koki, nikawasha, na moto ukashika. Ulikuwa mdogo, wa buluu, ukitetemeka. Nilipiga ukelele mama akaja na tasbihi mkononi.

Aliutazama sana. "Moto wa mavi hauingii chini ya karai yangu," akasema. "Watu wanakula kwa mkono wangu."

Hakuwa na mzaha. Alivaa buibui akaenda kumuuliza maalim wake, nami nikabaki nikitembea kutoka mlangoni hadi uani, uani hadi mlangoni.

Aliporudi alikaa kwanza, akavua viatu. "Maalim asema samadi ni najisi, lakini moto haugusi chakula, wagusa chombo. Asema pia nisijilazimishe, kama nafsi yakataa."

"Na nafsi yako yasemaje?"

"Bado yakataa. Tia birika la chai, tuone."

Ikawa birika tu, mpaka mvua kubwa ziliponyesha, makaa yakaja yamelowa na nyumba ikajaa moshi. Mama alikohoa mpaka akashika ukuta. Ndipo akanyanyua karai mwenyewe, akaliweka juu ya ule moto wa buluu. Gesi ilikwisha mahamri hayajafika nusu, akamalizia kwa makaa, akinuna. Kesho yake akafanya vile vile. Kikohozi hakikuisha, ila alianza kulala chali, si kukaa kitako akiegemea mito kama zamani.

Yule mfugaji alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia kuwajengea wafugaji wenzake matangi. Nilimwambia mama kwa hofu kwamba nataka kwenda.

"Nenda," akasema. "Hapa wanichosha kwa kuzungukazunguka. Pipa nitalilisha mimi."

Nilihamia Likoni kabla ya mfungo. Nilichimba, nikachanganya saruji, mikono ikaota sugu. Hata kule usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, ila sasa nikiamka kulikuwa na kazi ya kufanya. Siku moja nilikuja kumjulia hali mama nikakuta pipa uani si lile. La kwanza lilikuwa limepasuka kwa jua. Hakuwa ameniambia. Alimwita mwenyewe fundi wa bomba, akamsimamia mpaka akamaliza.