Mkono wa Shangazi Mashoto

Mpaka leo sijaamini. Nikikaa kimya bado naisikia ile sauti, "Shona hapa."

Shangazi yangu alikuwa fundi wa kiwanda cha makoti, ndiye aliyeshona kola za maofisa kwa mkono. Tulimwita Mashoto kwa sababu alishika mkasi, sindano, hata kijiko, kwa mkono wa kushoto. Alinilea tangu nina miaka mitano mpaka nami nikawa mzazi. Kushona nilijifunza kwake, nimekaa miguuni pake, nikimwiga hata alivyolaza sindano. Mimi ni wa kulia, lakini mshono wangu ulitoka umelala kushoto kama wake. Alikuwa akicheka: "Wewe mtoto, umeniiba mzima mzima!"

Kisha ikaja amri ya Koti Moja. Kila mtu mzima, koti la kijivu, kipimo kimoja. Tukauliza, wanene je? Wembamba je? Msemaji wa serikali akajibu redioni bila hata kucheka: "Anayebanwa apungue, anayepwaya anenepe." Jamani! Jirani yetu muuza mkaa, kifua kama kabati, akawa anatembea mikono imemtoka pembeni, haishuki wala haipandi. Mkewe naye alipotelea ndani ya lake; ukimwita, unaona koti linageuka.

Shangazi hakuvumilia upuuzi huo. Kule kiwandani akawa anaacha akiba ya kitambaa, upana wa vidole viwili, ndani ya kila mshono, imekunjwa usiione. Mtu akija nyumbani, shangazi anafumua, anaachia au anabana, anashona tena, na mgeni chai hajamaliza. Barabarani wakaguzi walitazama rangi na vifungo tu. Lakini adhabu tuliijua. Ukijirekebishia mwenyewe, wiki moja ya kufagia barabara. Fundi akimrekebishia mwenzake, anapelekwa, na katika waliopelekwa hatukuwahi kumwona hata mmoja akirudi.

Jumamosi moja likaja tangazo: Jumatatu asubuhi, mtaa mzima uwanjani, makoti yamegeuzwa ndani nje. Watu wakachanganyikiwa. Shangazi akapita mlango kwa mlango, uso mkavu.

"Fumueni uzi wangu wote," akasema. "Rudisheni mishono pale pale wenyewe, kwa mikono yenu; bora ufagio. Mimi siligusi koti la mtu."

Jumapili mtaa mzima ulishona. Muuza mkaa alijichoma vidole mpaka akamtukana aliyegundua sindano, yeye na ukoo wake. Mimi nilifumua langu nikalirudisha taratibu, mstari umenyooka, nikajisifu kimoyomoyo. Mpumbavu mimi!

Jumatatu mkaguzi alikuja na daftari la kiwanda, lile lenye kipande cha kitambaa cha kila fundi na mshono wake. Shangazi akasimamishwa pembeni. Koti la kwanza likageuzwa: mshono unakwenda kombo kama mlevi. La pili limejaa mafundo. La tatu limeshonwa kwa uzi mweupe. Makoti arobaini, na kila moja na mkono wake.

"Nani kashona hili?"

"Mimi mwenyewe, mzee."

Wiki ya ufagio. Wa pili, wiki ya ufagio. Wa thelathini, wiki ya ufagio. Watu walikaribia kucheka. Nikamwona shangazi akishusha pumzi, nikasema moyoni, tumepona.

Mkaguzi akafika kwangu. Akaligeuza koti langu, akaliweka kando ya kipande cha shangazi. Katika mtaa wote ule, ni mimi, niliyelelewa naye, niliyemchongea.

"Huu ni mkono wa fundi," akasema.

"Ni wangu! Alinifundisha yeye, lakini nimeshona mimi!"

Akanipa sindano na kitambaa. "Shona hapa."

Mshono ukinitoka tofauti, shangazi anakwenda. Hilo tu ndilo nililokuwa nalifikiria. Nikashona shibiri nzima, sijui kama nilipumua. Ukatoka ule ule, umelala kushoto, huwezi kuutenga na wa kwenye daftari. Nikamgeukia shangazi, nataka aone kwamba nimemwokoa. Alikuwa ameshaanza kulia.

Mkaguzi akatabasamu. Wallahi, alitabasamu, kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Anayefumua makoti ya mtaa huu tunamjua tangu mwaka jana," akasema. "Ila kola za maofisa hakukuwa na mwingine wa kuzishona. Sasa yupo."

Akawapungia mkono askari wawili.

Wakamshika shangazi, mmoja huku, mmoja huku. Walipomfikisha langoni ndipo nikapiga kelele: "Shangazi! Shangazi, sikujua!"

"Najua, mwanangu," akasema. "Umeshona vizuri."

Basi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake, na yananiuma kuliko kama angenilaani.

Mwaka wa pili huu nakaa kwenye kiti chake kiwandani nikishona kola. Makoti pia yanapita mikononi mwangu, na akiba ya vidole viwili bado naiacha. Juzi nyumbani binti yangu wa miaka sita alikuja akakaa miguuni pangu, akaokota sindano, akaanza kuniiga. Nilimpokonya kwa nguvu mpaka akalia. Alie tu. Sitamfundisha. Siku akishona, na ashone vibaya, kwa mkono wake mwenyewe.