Upindo Mwekundu

Kyakimwa alichukizwa na jinsi wanawake wale walivyokula huku wakishika vitambaa. Mafuta ya kuku yako vidoleni, vidole viko juu ya kikwembe kilichotunzwa tangu enzi za Zaire, na bado wanacheka! Yeye anakata na kuuza sabuni mtaani Mususa tangu mumewe afariki, na anajua doa la mafuta linavyosumbua. Aligeuza uso asije akasema neno la kujutia.

Walikuwa uani kwa Mama Mariette, mke wa tajiri mmoja wa Butembo anayeagiza mali Dubai. Jumamosi moja kila mwezi walikutana hapo, wapenzi wa vikwembe, yaani vitenge vya ukumbusho: vya yubile za kanisa, vya sikukuu ya wanawake, vya vyama vya siasa vilivyokufa hata kabla ya rangi kupauka. Sheria yao ilikuwa moja. Unatandaza chako, unaeleza kilikotoka, na wenzako wanakupigia makofi.

"Kikwembe haina kinywa," Mariette alipenda kusema. "Mwenye iko nayo njo anasema."

Mwanzoni Kyakimwa aliipenda sana siku hiyo. Mjane wa sabuni ana starehe gani nyingine? Alikuwa na sanduku la vikwembe vya kanisa, na kila kimoja alikijua kama mtu anavyowajua watoto wake. Lakini chama kilikuwa kimeanza kunuka. Mama Vagheni, kwa mfano, siku hizi alifuata matanga kama inzi. Kabla hajadondosha chozi la uongo alikuwa keshauliza sanduku la marehemu limewekwa chumba gani. Siku hiyo alitandaza kikwembe alichokitoa mikononi mwa mayatima kabla mama yao hajazikwa, na alisimulia huku akicheka. Kufa kufaana, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mtu akasimame kwenye foleni. Wenzake walipiga makofi. Kyakimwa naye alipiga, kwa vidole viwili, na alijichukia.

Kisha ikawa zamu ya Mama Bénite. Huyu alitoka Beni, mfanyabiashara wa nguo, na alikuwa na meno mazuri kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa anavunja mifupa ya kuku kwa magego na kunyonya uboho, sauti yake unaisikia mpaka langoni. Alipangusa midomo kwa kiganja, akafungua mfuko.

"Hii ya leo, hapana kuniuliza sana," alisema. "Inatokaka mu njia ya Mbau. Batu balikimbia, bintu bikabakia. Kuna bavijana bananiletea."

Wengine waliguna, wengine waliinama mbele ili waone vizuri. Waliokuwa wanaona kinyaa hawakuzidi mmoja. Mate yalimjaa Kyakimwa mdomoni kama mwanamke mwenye mimba changa. Nyumba za watu walioamka na kukimbia mapanga zimegeuzwa soko, na hawa wanasogeza viti!

Bénite alitandaza cha kwanza, akatandaza cha pili. Cha tatu kilikuwa cha kijani, cha yubile ya wamama wa kanisa la Mbau, na upindo wake ulishonwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu.

Kyakimwa aliujua upindo ule. Alikuwa na kingine kama hicho sandukuni kwake. Mdogo wake, Joyeuse, aliyeolewa Mbau, alinunua pièce nzima ya kitambaa hicho mwaka wa yubile, wakaikata katikati, nusu kwa nusu, kama ndugu wa tumbo moja wanavyofanya. Mama yao ndiye aliyepinda zote mbili, na ile ya Joyeuse akaimalizia kwa misalaba mitatu midogo ya uzi ili zisichanganywe. Uzi wa kijani ulikuwa umekwisha, mwekundu ulikuwepo, na mama si mtu wa kusubiri. Walimtania mwaka mzima.

Joyeuse alipenda kukivaa kile, na alikuwa na tabia ya kufunga kila kitu kwenye pembe yake: noti, dawa, hata pipi za watoto. Siku Mbau iliposhambuliwa alimpigia simu Kyakimwa, dada yake. "Yaya, nimeisha kufunga nyumba, tuko mu njia," alisema, na simu ikakatika. Tangu hapo, miaka mitatu, kimya. Mama alikuwa anasema yuko Uganda kambini, hana simu. Kyakimwa hakuwahi kubisha, kwa sababu naye alilihitaji tumaini hilo.

Sasa kikwembe kilikuwa kimelala pale, karibu na sahani ya mifupa. Kama vijana walikikuta kimekunjwa sandukuni, basi waliiba tu, na Joyeuse alikimbia na nguo nyingine. Angeweza kuwa hai. Lakini kama hakikuwa sandukuni...

"Mama Bénite," Kyakimwa aliuliza, "hii ya kijani, balikuletea yenye kukunjwa?"

Bénite alifurahi kuulizwa. Hadithi nzuri huleta makofi mengi.

"Kukunjwa wapi, mama! Ilikuwa matope yote, na pembe moja yenye kufungwa. Nikasema, huyu mama alificha feza! Fundo ilikuwa nguvu, nikaifungua na meno. Kumbe ni ufunguo tu. Nikatupa."

Alicheka, na meno yale yote yakaonekana. Wamama walicheka naye. Mariette akaanza kupiga makofi kama sheria inavyotaka, na ua mzima ukaitikia.

Kyakimwa alitema mate palepale, juu ya sementi safi ya Mariette. Akainuka, akakivuta kikwembe kutoka chini.

"Eh, mama! Hapana kukamata bintu bya benzako!" Mariette alipiga kelele.

"Ni ya mudogo yangu. Mama yetu njo alishonaka hii upindo."

Makofi yalikufa moja moja. Mama Vagheni alikuwa bado ameshika pembe ya kitambaa. Aliiachia, akajipangusa vidole kwenye nguo yake.

"Mi nilinunua, hapana kuiba," Bénite alisema. "Na niliifua muzuri, mara mbili."

Kyakimwa alikikunja kikwembe, akatoka langoni. Alitembea kwa miguu mpaka Mususa, akiwakataa wenye pikipiki waliomwita, kikwembe kikiwa kifuani. Njiani aliamua atakificha chini ya sanduku na kunyamaza, mpaka apate namna ya kusema.

Lakini mama yake alikuwa ameketi mlangoni anachagua maharagwe kwa kupapasa, maana macho yake yamefunikwa na ukungu. Alisikia hatua, akanyoosha mkono kama kawaida yake, na mkono ukakutana na kitambaa. Vidole vilitembea polepole juu ya upindo, mshono kwa mshono, vikafika mwisho, kwenye misalaba mitatu, vikarudi.

Uso wa kikongwe ukachanua. Alisukuma ungo wa maharagwe pembeni, akajiweka sawa kilemba kichwani, akageukia njia.

"Umuambie aingie," alisema. "Sababu gani anasimama inje?"