Meza Moja na Baba Mkwe

Judica aliletwa kufundisha chuoni kwetu Bariadi kutoka Same, akaja na imani yake kwamba hakuna mwanafunzi mjinga, kuna mwalimu mvivu. Tulimcheka ofisini. Kila mwaka karibu nusu ya wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza walidisko, yaani waliondolewa chuoni, kwa somo alilokabidhiwa, mekanika, na sisi tulishazoea.

Yeye hakuzoea. Aliacha kuhutubia ubao, akawapanga mezani kwa vikundi: mmoja afanye swali, wenzake wamkosoe kwa sauti. Asiyesema hapati alama. Na kweli darasa lilichangamka mpaka watu wa karakana ya jirani wakalalamikia kelele.

Nyanjige tu ndiye aliyenyamaza. Binti wa kijiji cha Mwamapalala, ameolewa Nkoma, na kwenye karatasi hakuna aliyemfikia. Mezani alikaa ukingoni, uso chini. Kundini mwake alikuwamo Machibya, fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba, mtu mzima aliyerudi kutafuta diploma.

"Nyanjige, Machibya amekosea wapi hapa?" Judica alimuuliza siku moja.

Kimya.

"Najua unajua. Sema basi!"

Kimya. Judica akampa sifuri, na wiki iliyofuata sifuri nyingine. Zile alama za mezani ndizo zilizomzamisha. Alizuiwa kufanya mtihani, akadisko, akarudi Nkoma bila kuaga.

Ndipo Masalu, mwalimu wa michoro, Msukuma wa hapahapa, alipouliza huku akicheka, "Hivi dada, ulimkalisha na baba mkwe wake ukategemea amkosoe? Kwetu mkwe haketi meza moja na baba mkwe, wala hasemi la moyoni mbele yake."

Judica alifungua daftari la alama, akazitazama zile sifuri. Mimi nilipandwa na hasira, na mpaka leo ninayo. Masalu alijua. Darasani kwake aliwatenganisha kimyakimya, wala hakutuambia sisi wa kuja. Machibya naye alijua kuliko wote, akakaa zake pale akivuna alama.

Rufaa ilikuwa bado wazi; ilitosha mwanafunzi mwenyewe aseme anataka kurudi. Asubuhi moja nikampakia Judica kwenye pikipiki yangu mpaka Nkoma. Machibya alikuwapo nyumbani, likizo. Alitupokea vizuri, akatutolea viti, akaagiza mkwewe aitwe kutoka shambani.

Nyanjige alipiga magoti, mikono imejaa tope, akasalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mwalimu."

"Nisamehe, mwanangu, kosa ni langu," Judica alisema, machozi yakimlengalenga. "Ukisema neno moja tu, unarudi darasani. Unataka kurudi?"

Aliuliza palepale, mbele ya mzee. Nilimkanyaga mguu, lakini nilikuwa nimechelewa. Nyanjige alifungua mdomo, akaitazama miguu ya baba mkwe wake, akaufunga.

"Ameridhika, mwalimu," Machibya alisema kwa upole. "Huyu binti ana adabu sana. Angekuwa anataka, si angesema?"