Kiungo Nilichokichomelea kwa Namba Yake

Mimi nikikosea husema. Muulize yeyote pale Majengo, hata mke wangu, atakwambia mdomo wangu haujui kupumzika. Siku ile ulikufa ganzi.

Tulikuwa tukilaza bomba la maji la chuma karibu na Mathare. Kila fundi alikuwa na namba yake ya chuma. Ukimaliza kuchomelea kiungo unaigonga kando yake kwa nyundo, ili kikivuja ijulikane ni mkono wa nani, na huyo afukuzwe. Jirani yangu wa ploti, Mkamba mpole, alikuwa fundi mwenzangu.

Asubuhi moja mkewe akashikwa na uchungu. Nyapara wetu hakujua ruhusa. Ukikosa siku, kazi huna. Nikamwambia, "Nenda bwana, niachie namba yako. Nitachomelea vyangu na vyako." Basi nikachomelea mbio mbio, kifua mbele, nikijiona mwanamume kweli. Haraka haraka haina baraka. Nilifunzwa hilo utotoni.

Wiki iliyofuata tukajaza bomba maji, tukatoa hewa, tukapiga pampu ya mkono mpaka mshale wa geji ya presha ukafika palipotakiwa. Ukitulia hapo, bomba ni zima. Haukutulia. Ulishuka kidogo kidogo, na moyo wangu nao. Nyapara akaingia mtaroni na kitambaa kikavu, akipangusa kiungo kimoja kimoja. Kimoja akakipangusa mara tatu, kikalowa mara tatu. Akasoma namba kwa sauti. Ilikuwa ya jirani yangu.

Kiungo kile kilikuwa kazi yangu.

Nikafungua mdomo. Jirani akanitazama, akatikisa kichwa. Nikisema tunafukuzwa wote: yeye kwa kutoroka kazi, mimi kwa kugonga namba isiyo yangu. Mimi nilikuwa na watoto wanne, yeye na mmoja wa siku nane. Mungu wangu, nilijichukia! Nikaufunga mdomo. Jirani akavua glavu, akaziweka juu ya bomba, akaenda zake.

"Wewe," nyapara akaniita, "mkono wako naujua. Kata hicho, uchomelee upya."

Nikachomelea, nikagonga namba yangu. Safari hii mshale ulitulia. Nyapara akanipiga bega mbele ya watu: "Mnaona? Huyu ndiye fundi."

Jioni nikamkuta mke wa jirani mlangoni. Mumewe alikuwa ndani, hajamwambia kitu. Akaniwekea mtoto mikononi.

"Shemeji, asante," akasema. "Bila wewe siku ile ningejifungua peke yangu."