Shamba Lililoachwa na Njaa Makusudi

Rafiki yangu, hebu keti nikuambie kitu. Juzi nilikuwa ndani ya duka la mbegu hapa Amagoro, mahali nafanyia kazi, wateja hakuna, mvua inapiga mabati, nikaanza kutafuta kwa simu chuo kimoja cha kilimo kule India. Sikuwa natafuta nafasi ya kusoma. Mimi shule iliniacha kidato cha pili, na hayo mengine yote nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na kwa kusoma maandishi madogo nyuma ya paketi za mbegu. Nilitaka tu kuona kama kipo kweli. Kipo! Geti kubwa, miti imesimama kwa mistari, mabasi ya wakulima yanaingia, akina mama wamevaa rangi zote wanasukumana kununua mbegu. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakatoka. Hicho chuo nilikijua nikiwa na miaka tisa, na mpaka leo hata Nairobi sijakanyaga.

Aliyenijulisha ni mwalimu wa kilimo wa sekondari yetu. Alikuwa amepanga chumba kwa boma ya nyanya, upande wa Malaba, pale ambapo hata jogoo hawakuwa na kazi, kwa sababu breki za malori kwenye foleni ya kuvuka mpaka kwenda Uganda zilikuwa zinatuamsha kabla yao. Mwalimu alikuwa amesomea India. Watu walimwita Mhindi, na yeye alikuwa mweusi kuliko sufuria ya nyanya. Mimi nilikasirika sana na hilo jina. Kuna kijana mmoja nilimrukia kwa njia ya kisima nikamng'ata mkono, eti kwa sababu alimuuliza Mwalimu kama leo amepanda chapati. Nyanya alinichapa. Mwalimu akasema, "Mama, usimpige sana. Chapati yenyewe ningepanda kama ingeota."

Jioni tulikuwa tunakulanga kwa jikoni, ugali ya muhogo na mtama, ile ya kahawia inayonata kwa vidole, na omena, wale dagaa wa ziwani, za kutoka Osieko. Moshi unauma macho. Hapo ndipo nilianza kumchokoza anieleze ya India, na wewe unajua mimi nikianza kuuliza sinyamazi.

Alisema hicho chuo kilianza kwa ardhi ambayo hakuna mtu alitaka. Udongo mweupe wa chumvi, miiba, nyoka. Nchi ilikuwa imetoka tu kwa wakoloni na watu walikuwa wanalala njaa, wanangojea meli ilete nafaka kutoka nchi za watu. Serikali ikasema, sasa tutafundisha watoto wetu kulima kwa akili. Lakini majengo hayakuwepo. Wanafunzi wa kwanza walilala kwa mahema, wakasomea ndani ya godauni ya nafaka, asubuhi kalamu, mchana jembe.

"Na nyoka walienda wapi?" nikauliza.

"Wengine waliingia kwa viatu vya wanafunzi."

"Wakauma mtu?"

"Wewe! Nakupatia historia ya chuo, wewe unataka ya nyoka."

"Lakini Mwalimu, waliuma?"

"Walimuuma mpishi. Alipona. Tuendelee?"

Tukaendelea. Wakaosha ile chumvi kwa maji ya mifereji, msimu baada ya msimu. Wakapata ngano fupi ambayo haianguki na upepo. Wakulima wakaanza kuja na mikokoteni ya ng'ombe kuangalia, na kila mmoja alipewa mbegu ya kujaza viganja viwili, aende ajaribu kwake, arudi aseme ukweli. Hiyo ndiyo ilinishangaza zaidi. Chuo kizima, na profesa anangojea mkulima asiyejua kusoma aje amwambie kama amekosea! Halafu wakajenga maabara, mabweni, upande wa mifugo, upande wa mashine, mji mzima ukamea hapo getini, na mwishowe wageni kama yeye wakaanza kufika kutoka mbali.

Lakini katikati ya majengo yote, alisema, kuna kishamba kidogo kimezungushiwa waya. Tangu chuo kianze hakijawahi kupewa mbolea hata kijiko. Kinapandwa kila mwaka, kinavunwa, kinapimwa, kinaachwa na njaa yake. Wakubwa walitaka kujenga ukumbi hapo, walimu wakakataa kabisa.

"Kwa nini wanakitesa?" Mimi roho iliniuma kama ni mtoto wa mtu.

"Hicho ndicho shahidi," akasema. "Bila hicho, hawawezi kujua hivyo vingine vimeshiba kiasi gani."

Nilitingisha kichwa kama nimeelewa. Sikuwa nimeelewa kitu.

Sasa sikiliza vile mambo yalikuja kuwa. Nyanya alikuwa na shamba karibu na barabara, na mzee mmoja mwenye malori alikuwa analitaka alikodi, apaki hapo magari yanayongojea kuvuka. Mwalimu naye alikuwa analitaka la kujaribia mbegu na mbolea, wakulima wa hapa wapate chuo chao kidogo kama kile cha India. Nyanya hakuwa mtu wa kuzungushwa. Akawaita wote wawili, akasema mbele ya watu: Mwalimu apande msimu mmoja. Siku ya mavuno akina mama wa kikundi chake waje waangalie. Kama tofauti ya mbolea itaonekana kwa macho, shamba libaki la Mwalimu. Kama haionekani, mzee alete malori yake.

Mwalimu akagawa shamba mara nne, yote mtama. Sehemu ya kwanza mbolea ya duka, ya pili samadi ya ng'ombe, ya tatu zote mbili. Ya nne, hakuna kitu.

Mimi kazi yangu baada ya masomo ilikuwa mbuzi. Niliwalisha pembeni ya barabara, na hapo nilisikia kila mpita njia. Hawakuwa wanasimama kwa ile sehemu ya tatu iliyonenepa, la! Walisimama kwa ya nne, ile ya manjano, imekonda kama nywele za mgonjwa. Mama muuza omena aliteremsha beseni yake akapiga makofi. "Mwalimu, yaani ulipanda ndege kwenda kujifunza kunyima mtama chakula? Hiyo ikiwa na mdomo ingekupeleka kwa chifu!" Watu wakacheka. Mwalimu pia akacheka, akaanza kumweleza, lakini yeye alikuwa ameshajitwika beseni ameenda.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nachemka. Niliona wazi shamba litaenda kwa sababu ya hiyo sehemu moja mbaya, na mtu wangu ataaibishwa mbele ya kikundi kizima. Kwa hiyo Jumamosi moja adhuhuri, mtama ukiwa magotini, Mwalimu amepeleka wanafunzi kwa mashindano, nyanya yuko sokoni, nikaingia kwa banda ya mbuzi na ndoo. Nilibeba samadi mpaka mgongo ukakataa. Nikaiweka kwa kila shina ya sehemu ya nne, nikafunika na udongo vizuri, nikamwagia maji. Nilienda kuoga nikiwa najisikia kama askari aliyeokoa nchi.

Wiki zikapita, sehemu ya nne ikageuka kijani. Mwalimu alianza kuchanganyikiwa. Kila jioni alikuwa anachuchumaa hapo na rula. Halafu akaanza kufurahi, na hiyo furaha ndiyo iliniumiza baadaye. Akamwambia nyanya labda udongo wa huku uko na siri. Hata akamwandikia profesa wake wa India barua. "Anaweza kutuma mtu aje aone," akaniambia, macho yanang'aa. Nilianza kuogopa, lakini ningesema nini?

Siku ya mavuno akina mama walikuja wote, mzee wa malori pia na kofia yake. Mtama ulikuwa mzuri, mwekundu, mzito, kila mahali. Na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Nyanya alitembea sehemu ya kwanza mpaka ya nne, akarudi, akatembea tena.

"Mwalimu, hii ndiyo haukuipatia kitu?"

"Ndiyo, mama."

"Na imetoshana na hii umenunulia mbolea?"

Muuza omena akasema, "Basi tumejifunza. Mbolea ni kazi bure." Wakacheka, na wengine wakaanza kukubaliana kwamba hawatanunua tena. Hapo ndipo nilimwona Mwalimu anachuchumaa, anachimba na vidole karibu na shina. Akatoa vitu vyeusi vya mviringo, akavisugua kwa kiganja. Boma yenye mbuzi hapo karibu ilikuwa moja. Akainua macho akaniangalia.

Nilijua amejua. Nilingoja aseme. Angesema tu, "Huyu mtoto," na shamba lingebaki lake.

Akasimama, akapangusa mikono. "Mama zangu, jaribio limeharibika. Samadi imeingia kwa sehemu ya nne, na ilikuwa kazi yangu kuweka ua. Msiache mbolea kwa sababu ya kosa langu."

"Samadi iliingia na miguu?" mzee wa malori akauliza. Vicheko vikamaliza kila kitu.

Nilimkimbilia nyanya jikoni nikamwambia yote kwa kelele, nikilia, nikipiga mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nilipaswa kusema mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo yeye alitoa neno lake, na neno hilo lilikuwa limeshaenda na yule mzee. Nikamwomba amwite arudi. Hakumwita.

Sasa hapo ni mafuta meusi na changarawe, tandiboi, wale vijana wasaidizi wa malori, wanapika chai kati ya magurudumu. Nyanya ametuacha. Mwalimu alihamishwa, kwingine na kwingine tena, nikampoteza. Watu wetu wengi siku hizi wanakula ugali nyeupe ya paketi, na mtoto ukimtuma akafukuze ndege kwa mtama anakuuliza mtama gani.

Lakini kabla tingatinga haijaingia, Mwalimu alivuna zile sehemu nne kila moja peke yake na akazipima, jaribio likiwa limeharibika vile vile. Akaniita, akafungua daftari, akanipa kalamu. Alisema kule chuoni vitabu vya kile kishamba cha njaa vina mafuriko ndani, na ng'ombe waliovunja waya, na hakuna aliyeng'oa hizo kurasa. Hakunigombeza. Alinionyesha tu mstari wa kuandikia. Aliondoka na hilo daftari, na kama bado analo, basi shamba la nyanya liko humo, sehemu zake zote, na mwandiko mbaya wa mtoto chini ya ile ya nne: samadi ya mbuzi, ndoo kumi na moja, nimeweka mimi.