Mahindi ya Juu ya Meko

Juzi nilimsikia bwana mmoja redioni akisema watu wa Pwani hulala njaa kwa uvivu. Nikaizima redio, lakini hasira haikuzimika.

Nikakumbuka alasiri moja kwetu Likoni. Mvua ya kwanza ilikuwa imetudanganya: ilinyesha, bibi akapanda, kisha jua likababua miche yote. Shamba zima lilinuka majani makavu. Bibi akatungua mahindi yaliyotundikwa juu ya meko, meusi kwa moshi. Mimi na dada yangu tukakimbilia sufuria.

"Hiyo ni mbegu, si chakula," akasema, akachukua jembe.

Akaenda kuyafukia vumbini, na mbinguni hakuna hata wingu. Nikalia kwa ghadhabu.

"Bibi, mchanga unakula na sisi tuna njaa?"

"Mvua ikija itukute tushapanda, inshallah."

Jioni alitupikia muhogo, akasema yeye ameshiba. Nilidhani alikuwa ametafuna yale mahindi kwa siri huko shambani, nikamnunia. Leo najua hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi.

Sasa huyo bwana na aniambie: bibi yangu aliufanya saa ngapi uvivu huo?